Mkwe Wangu Uliyekaa Barazani Kwangu

Mkwe wangu,

Nina miaka themanini, na kama si themanini basi themanini na moja, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyekuwa na haja ya kuiandika. Nimeishi kuliko gari moshi la Bububu: nililiona likija, na nikaiona reli yake inang'olewa. Nimeishi kuliko rupia. Nimeishi kuliko masultani na mabalozi wa Kiingereza, kuliko vita viwili vya Wazungu, na kuliko meno yangu yote isipokuwa matatu. Nimewazika ndugu zangu wote, walionitangulia kuzaliwa na walionifuata. Nimemzika mwanao Zuwena, aliyekuwa mke wangu. Na nimekuzika wewe. Mimi nipo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapo najua ungejifunika uso na ukaya ukacheka. Fundi Machano kashika kalamu! Naam, kashika. Herufi zangu zinayumba kama ukuta wa fundi mlevi, lakini zinasimama. Nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na kila aliyesoma pamoja nami atakwambia kuwa mimi ndiye niliyewahi kuliko wote kuandika jina langu. Kweli jina langu fupi. Lakini nimewahi.

Naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu yote niliyokufanyia yalikuwa wazi. Mtaa mzima uliona. Na ulipokuwa hai sikuweza kukwambia neno. Wengine hawatafahamu, kwa hiyo nieleze. Mimi nilikuzidi umri. Nilipomuoa Zuwena watu walinong'ona kuwa nimeoa mjukuu, na mama wa mke wangu nilimuacha nyuma miaka mingi. Lakini mkwe ni mkwe. Nikikuona unakuja kichochoroni nilikuwa nageukia ukutani kama mtu anayekagua lipu. Jina lako sikuwahi kulitamka. Hata shikamoo tulikuwa hatujui nani ampe nani, tukaiacha. Ukiwa na neno na mimi unamwambia Zuwena, na Zuwena alipofariki ukawa unamwambia Mwatima, mjukuu wako, naye ananiletea. Hata tukiwa chumba kimoja. "Mwambie baba yako chai inapoa." Nami namwambia, "Mwambie bibi yako nshaisikia."

Wewe unaikumbuka miaka ile baada ya Mapinduzi, skuli zilipokuwa bure kwa kila mtoto. Skuli yetu hapa Ng'ambo ilijaa mpaka madirishani. Watoto wanakaa chini, wanaandikia mapajani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Vuai, kijana wa Makunduchi mwenye shingo ndefu, akaita mkutano wa wazee wa watoto. Ikabidi tuwe na kamati na mwenyekiti. Wakanichagua mimi. Pandu seremala anasema walinichagua kwa sababu ya sauti. Mimi nasema waliona mtu aliyesakafia madari ya Shangani na Malindi, majumba ya ghorofa tatu ambayo mvua haijapata kuyapenya hata tone, wakajua huyu ndiye wa kushika jambo.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa wanaume. Hapana aliyesema wanawake wasije, ila hapana aliyewaita. Sisi tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nje ya dirisha mlisimama nyinyi, mabuibui matano sita, na wewe mbele, maana Mwatima hakuwa na mama na ulisema mzee wake ni wewe. Mwalimu Vuai akauliza kwa nini watoto wanasinzia darasani asubuhi.

Nikasimama. Nikasema huo ni ukaidi, wazee wenzangu, na dawa ya ukaidi ni bakora. Sisi tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani tulikuwa hatusinzii. Ndio kwanza nilikuwa napamba moto, ikaingia sauti yako dirishani.

"Mwalimu, hawana ukaidi hawa. Wana njaa. Wanatoka majumbani hawakutia kitu tumboni. Hebu muulize mwenyekiti, mjukuu wangu leo kala nini?"

Nikanyamaza hapo hapo. Macho yakashuka chini yenyewe.

"Ala! Mwenyekiti, kulikoni?" Pandu akauliza. "Ulimi umeganda na chokaa?"

"Mkwewe huyo dirishani," mtu akamwambia.

"Basi alhamdulillahi, leo tutakwenda nyumbani mapema."

Wakacheka mpaka Mwalimu Vuai akageukia ubao. Walidhani nimeona haya kwa ukwe tu. Na kweli niliona haya kwa ukwe. Lakini pia sikujua Mwatima kala nini. Nilikuwa natoka alfajiri kwenda kazini, namuacha. Mpaka leo sijui asubuhi ile mwanangu alikula nini, au kama alikula.

Wiki ile ile kamati haijakaa, uji ukaanza. Wewe na wenzio mkapeana zamu, leo sufuria latoka kwako, kesho kwa Bi. Kidawa, keshokutwa kwa yule mke wa Pandu. Hamkumuomba ruhusa mwenyekiti. Nilikasirika sana. Nilimwambia Mwalimu Vuai kuwa mambo ya skuli yana utaratibu wake. Akaniambia, "Mzee, onja." Nikaonja. Ulikuwa uji mzuri, wa pilipili manga. Nikakasirika zaidi.

Sasa nifike kwenye kiapo.

Mkutano uliofuata Mwalimu Vuai akasema vyumba havitoshi hata kidogo. Madarasa ya juu itabidi yasome zamu ya jioni. Wataingia baada ya adhuhuri na watatoka jua linazama. Mle ndani mna wasichana wakubwa, Mwatima mmojawapo. Nikahisi watu wote wananitazama mimi, na mimi nikitazamwa nakuwa mkubwa kuliko nilivyo. Nikasimama, nikainua kidole.

"Wallahi, billahi, tallahi, binti yangu hatotoka skuli na giza!"

"Na wangu!" akasema mmoja.

"Na wangu!"

"Na wangu mimi!"

Wakanipigia makofi. Ulikuwepo dirishani, lakini siku hiyo hukusema kitu. Mwalimu Vuai akakaa chini kwenye kiti chake, akafuta uso. Akasema basi, kama ni hivyo, wasichana wote wa madarasa ya juu wataacha skuli mwezi ujao, ila tukimaliza kile chumba kipya. Chumba kilikuwepo. Kuta tumezijenga wenyewe kwa kujitolea, na bati tumeshaliezeka. Kilichobaki ni sakafu. Nikamwambia, mwalimu, lala usingizi. Sakafu ni mimi.

Wewe unajua sakafu ya chokaa inavyopigwa. Waliozaliwa juzi, wenye saruji zao, hawajui. Unamwaga kokoto na chokaa iliyolowekwa ikaiva, kisha watu wanachutama safu safu, kila mmoja na kigongo chake cha mti, wanapiga. Wanapiga polepole, wananyunyiza maji, wanapiga tena, siku baada ya siku, mpaka ile chokaa iwe jiwe moja linalong'aa. Ikiachwa siku moja kabla haijashiba, inakauka juu, ndani bado mbichi, inapasuka. Na watu hawawezi kupiga siku zote hizo bila ya nyimbo. Mkono unachoka, nyimbo ndiyo inayoubeba. Madari yote ya Mji Mkongwe niliyosimamia yalipigwa na wanawake, na wanawake waliimba. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote Unguja hii.

Pandu akaniuliza, "Wanawake tuwaambie waje lini?"

Nikamwambia, "Skuli si dari la tajiri. Kazi hii ni ya wazee wanaume. Heshima, yakhe."

Si heshima. Nilijua ukiingia wewe chumbani na kigongo mkononi, mimi natoka. Siwezi kusimama juu ya mkwe wangu aliyechutama nikamwambia piga hivi, piga vile. Ningekuwa fundi nisiye na amri kwenye sakafu yangu mwenyewe. Nikaona bora niwe na amri.

Siku ya kwanza wanaume walijaa. Siku ya pili nusu yao walikuwa na udhuru. Huyu mgongo, huyu ana safari ya shamba, huyu kaenda mara moja tu kunywa kahawa, na kahawa ile hakuimaliza. Waliobaki kila mtu anapiga kwa mwendo wake, tap-tap huku, tap huku. Nikawaambia waimbe. Mmoja akaanza wimbo wa mpira. Siku ya tatu nilikuwa mimi na Pandu. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka, na nawaambia hapa mbele ya watu: kama wangekuja wote, sakafu ile ingekuwa nzuri kuliko ya Shangani. Hilo silirudishi nyuma. Lakini hawakuja. Ilipasuka, ufa mmoja kutoka mlangoni mpaka ubaoni, na vidogo vidogo pembeni yake kama mishipa ya mkono wa mzee.

Muhula ukafunguliwa. Chumba hakikuwa tayari. Mwatima akabaki nyumbani, na wasichana wengine wengi.

Mkwe wangu, wewe hukunijia na maneno. Ulikwenda kwa wanawake wenzio. Mkapanga zamu nyingine kama ile ya uji: kila jua likianza kushuka, kinamama wanne wanakwenda kusimama mlangoni mwa skuli, wasichana wakitoka wanawachukua, wanampeleka kila mmoja mpaka kizingitini kwao. Mlipita mtaani kwangu kama watu wanaopeleka biharusi. Kinababa wakaanza kulegea, mmoja leo, wawili kesho. Wao walisema "na wangu" tu, hawakuapa. Madawati ya wasichana yakajaa tena.

Nikabaki mimi, na wallahi billahi tallahi yangu.

Na Mwatima ndani. Alikuwa hanung'uniki, na bora angenung'unika. Alikuwa akifagia uwanja, wenziwe wakipita njiani anasimama na ufagio, anawasikiliza mpaka wapotee, kisha anaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia. Mimi naliona hilo. Najitia nanoa mwiko.

Ndipo ukaja ukakaa barazani kwangu.

Nilitoka kuswali adhuhuri msikitini, nikakaribia nyumba, nikakuona. Umekaa kwenye baraza ya nje, mbele ya watu wote, buibui lako umelikusanya, ukili mkononi unasuka. Mkwe! Barazani, kama mpita njia aliyeomba kupumzika! Nikageuka pale pale, nikazunguka kichochoro cha nyuma, nikaruka ukuta wa uani. Nikamwita Mwatima.

"Mwambie bibi yako aingie ndani. Mtandikie mkeka."

Akaenda, akarudi. "Bibi anasema hakuja kutembea. Anamngoja mwenziwe waende skuli."

"Mwenziwe nani?"

Mwatima alitazama miguu yake.

Ulikaa mpaka skuli ilipotoka, ukaondoka. Kesho ukarudi. Keshokutwa ukaja na Bi. Kidawa. Halafu wakaja wengine. Ikawa baraza yangu imejaa kinamama na ukili, na mambo yote ya skuli yanapangwa pale: nani apike uji Jumatatu, mtoto wa nani ana homa, nani hajaonekana darasani na nyumba gani ikaulizwe. Mkutano wa wazee ulihamia kwangu, na mwenyekiti wake yuko ndani nyuma ya pazia anasikiliza. Nakiri mlikuwa mnajua mambo. Nilikuwa nimewaongoza wazee wale muda mrefu na sikujua nusu ya yale niliyoyasikia pale mlangoni. Mtoto mmoja alikuwa hasomi kwa sababu haoni ubao. Mwingine anazuiwa na shangazi. Nyinyi mnayajua, mnayatengeneza hapo hapo, mikono haiachi kusuka.

Na mimi siwezi kutoka kwa mlango wangu. Nitampitaje mkwe wangu juu ya kichwa? Nikawa napita uani kwa Bi. Kidawa na ndoo yangu na timazi yangu, mtu mzima, fundi wa madari, naruka ukuta. Mwanawe mkubwa wa kike yuko jikoni ananiona.

"Mwenyekiti, leo tena? Nikuwekee ngazi?"

"Nakagua ukuta huu. Una ufa."

"Ufa uko skuli, mzee."

Mtaa ulikufa kwa kicheko. Kahawani nikifika wananipisha wananiuliza nimeingia kwa mlango gani. Ningevumilia. Mimi mkaidi, nilizaliwa hivyo, na kicheko hakijaniua. Wenzangu waliokuwa wakinicheka wengi wao nshawazika.

Lakini siku ile ikanyesha. Mvua ya vuli, iliyoanguka kwa mpigo. Kinamama wakakusanya ukili wao wakakimbia, wanakwita, "Njoo, utalowa!" Hukwenda. Ulijisogeza ukutani, ukajifunika kanga juu ya buibui. Maji ya paa langu yanakumwagikia magotini. Lile paa mimi ndiye niliyeliezeka, na siku zote nilikuwa nasema nitaongeza upenu, sikuongeza. Nilikuwa nakuona kupitia upenyo wa dirisha. Nilikuwa na mwavuli. Nilikaa nao mkononi kama mpumbavu. Nikampa Mwatima.

Akatoka, akarudi nao. "Bibi anasema mwavuli upewe anayekwenda skuli."

Mguu wako mmoja ulikuwa umevimba, nilijua, ulikuwa unaumwa tangu zamani. Uliunyoosha mbele, mvua inaupiga. Na wewe ulikuwa hutetemeki wala hulii wala hutazami dirishani. Unasuka. Ukili umelowa, hausukiki, na bado unasuka.

Nikasema, "Mwatima, chukua mkoba wako."

"Baba, na kiapo?"

"Kiapo changu. Si chako. Nenda."

Hakusubiri niseme mara ya pili. Alitoka na mwavuli, nikakusikia unajiinua, unavuta pumzi kwa ule mguu. Mkashikana mikono. Mkapita chini ya dirisha langu. Na hapo ndipo uliponisemesha, mara ya kwanza na ya mwisho katika umri wetu wote, bila ya kumtuma mtu.

Ulisema, "Ahsante, mwashi."

Mkwe wangu, ningekuwa tayari kwa lolote. Ungenitukana, ningejua la kufanya. Ungenilaani, ningetubu yakaisha. Ulinishukuru. Kwa nini? Kwa kumpa mtoto kilichokuwa chake? Kwa kumuacha bibi wa watu kwenye mvua nikamtazama kwa upenyo? Nilikaa pale dirishani mpaka mkakata kona, na nikaendelea kukaa. Nimejenga Unguja hii toka Malindi mpaka Mbweni, na siku ile nilijiona mdogo kuliko kokoto.

Kiapo nilikitolea kafara. Kulisha masikini kumi sikuwa na uwezo, nikafunga siku tatu. Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza magharibi ikaja sahani imefunikwa kawa: muhogo wa nazi na tende. Mwatima ndiye aliyeleta. Siku ya pili ikaja. Siku ya tatu ikaja. Hukutuma neno na sahani hizo, na mimi sikutuma neno na sahani tupu. Ulijuaje nimefunga? Labda ulijua mimi mkaidi, lakini si mtu wa kula kiapo nikakiacha hivi hivi. Hilo angalau ulilijua. Nimekuwa nikijifariji nalo.

Sakafu tuliibomoa tukaanza upya. Safari hii nilikwenda mwenyewe kwa Bi. Kidawa kusema wanawake wanahitajiwa. Kusema kulinipa taabu. Nililisema nikitazama paa lake. Akaniambia, "Rudia, sikusikia." Nikarudia. Mkaja zaidi ya wanaotosha, na wanaume wakaja kubeba maji na kokoto, maana hapana mwanamme anayetaka mkewe aimbe habari zake kama hakuja. Uliingia chumbani na kigongo, mimi nikatoka. Nikawa nasimama nje ya dirisha, pale pale mlipokuwa mkisimama nyinyi, na nikiona pembe haijashiba nampigia ukelele Pandu, Pandu anamwambia Bi. Kidawa, Bi. Kidawa anakwambia wewe. Na wewe ulikuwa ushaipiga kabla neno halijafika.

Na mkaimba. Bi. Kidawa anaanzisha, nyinyi mnapokea, vigongo vinaanguka kwa pamoja:

*Mwashi wetu mashuhuri,*
*wa madari ya Shangani,*
*sakafu imemcheka,*
*leo apita uani!*

Siku zote zile za kazi, wimbo ule. Watoto walikuwa wakiuimba wakitoka. Sauti yako niliitambua humo ndani, na nilisimama nikaisikiliza yote. Sakafu ile mpaka leo haina ufa hata wa unywele. Juu yake ndipo nilipokaa mimi kujifunza herufi hizi, maana ni nyinyi kinamama mliomuomba Mwalimu Vuai chumba kisikae kitupu jioni, wakubwa nao wasome.

Halafu watu wakaanza kuja kutoka skuli nyingine kuuliza wazee wa kwetu wanafanyaje. Mwalimu Vuai anawaleta kwangu, mwenyekiti. Nami nikawaeleza. Nilieleza vizuri sana. Niliwaambia kamati yangu ilianzisha uji, kamati yangu ikaweka zamu za kuwarudisha wasichana, kamati yangu ikatembelea nyumba. Walinipa mkono. Baadhi ya siku ulikuwa umekaa kibarazani kwa jirani, hatua chache tu, unasikia. Ulikuwa unaendelea na ukili wako. Hakuna niliyemdanganya mtaani, kila mtu alikuwa anajua. Nilikuwa najisifu mbele ya watu wanaojua, na walikuwa wananiachia kwa ajili ya uzee wangu. Hilo nalifahamu sasa.

Ulipofariki mimi niliingia kaburini kukupokea, kwa kuwa mkwe ni maharimu, mtu asiyeweza kukuoa kamwe, na hukuwa na mtoto wa kiume. Mikono hii ndiyo iliyokushika. Hatukupata kushikana mikono hata siku ya Idi. Ulikuwa mwepesi. Nilijiambia, mwanamke huyu mwepesi hivi ndiye aliyenizuilia mlango. Wenzangu walidhani nimekawia kutoka kwa sababu ya magoti.

Mwatima alimaliza skuli. Ana watoto wawili sasa, yuko Bwejuu kwa mumewe, na kule nasikia keshawakusanya kinamama wa skuli ya mwanawe. Nilimuuliza wanafanya mkutano wapi. Akasema barazani kwa mwenyekiti wao. Sikuuliza zaidi.

Baraza yangu ipo. Nimeongeza ule upenu, mvua haifiki tena. Kinamama wanapita wanakwenda skuli, wananiamkia, "Shikamoo mzee," naitikia marahaba, na nawaambia wakae wapumzike kidogo. Hawakai. Wana haraka, zamu ya uji inawangoja. Hilo nalo ni kazi yako.

Sikuombi msamaha, kwa sababu najua ungenitumia jibu kwa mtu, na jibu lenyewe lingekuwa la upole, na mimi upole wako siuwezi tena. Nataka tu ujue kuwa naona haya. Si zile haya za ukwe, zile zilikuwa rahisi, unageukia ukutani zinakwisha. Hizi hazina ukuta wa kugeukia. Lala salama, mama wa Zuwena. Mola akuweke mahali pakavu.

Mkweo,
Machano, mwashi

Anayeona nimeongeza chumvi, mashahidi wapo. Habari za mikutano na kiapo, amuulize Mwalimu Vuai, yuko kwao Makunduchi na kumbukumbu yake nzima. Habari za sakafu, Pandu seremala, ingawa atasema yeye ndiye aliyepiga zaidi yangu. Wimbo, Bi. Kidawa, na mwenye kumuuliza awe na nafasi, maana ataimba wote. Na ile ahsante ya kwenye mvua, shahidi ni Mwatima, ndiye aliyekuwa amekushika mkono. Nimemuuliza mara nyingi kama ulisema kwa kejeli. Kila nikimuuliza ananiambia hapana, baba, bibi alisema kweli. Na mimi bado namuuliza.